Pumzi ya Injini: Kuchagua Chujio la Hewa la Pikipiki Kubwa

Pikipiki nzito za Marekani zenye silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V, mfano wa zile za Harley-Davidson, kampuni iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1903, hupendwa na polisi na raia wa huko kwa safari ndefu. Mwenye pikipiki ya namna hiyo atamanipo kuiongezea nguvu, mara nyingi huanza kwa kubadili chujio la hewa. Si jambo baya, ila lataka hesabu kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Injini huishi kwa pumzi. Lita moja ya petroli, ili iungue barabara, huhitaji hewa ipatayo lita 9,000. Kiwanda huibana njia ya hewa hiyo kwa kuwa sheria huweka mipaka ya kelele na moshi. Chujio pana huilegeza njia. Lakini faida yake huonekana hasa injini inapozunguka kwa kasi. Katika mwendo wa pole huongezeka mvumo tu.

Tena, hewa ikizidi bila petroli kuongezwa, joto hupanda, bomba la moshi hutoa milipuko, na vali huweza kuungua. Kwa hiyo penye kabureta jeti hubadilishwa, na penye sindano za petroli kompyuta ya injini hupangwa upya. Mnunuzi mwenye busara huhesabu bei ya chujio pamoja na ujira wa fundi.

Chujio la karatasi likichakaa hutupwa. La pamba huoshwa, hukaushwa na kupakwa oili yake maalumu: ikipungua, vumbi hupenya, ikizidi, huvutwa ndani ya injini. Vumbi husaga ringi na kuta za silinda kimyakimya. Bandu bandu huisha gogo.

Yafaa pia kutazama umbo. Chujio lililo wazi hulowa mvua lisipovikwa kifuniko. Katika Harley-Davidson nyingi chujio hukaa upande wa kulia, na likiwa kubwa mno humsumbua mpandaji gotini. Aidha, katika injini zake nyingi za tangu miaka ya 1990, mvuke wa oili hutoka katika vichwa vya silinda kupitia hapo. Chujio lisilo na njia ya mvuke huo halifai. Katika jimbo la California, kwa pikipiki zinazopita barabarani, hutakiwa chujio lenye namba ya idhini ya mamlaka ya hewa ya jimbo hilo.

Basi apandaye kwa mwendo wa kawaida, chujio la kiwandani lililo safi lamtosha. Fedha itakayosalia na inunue matairi na breki, ambazo ndizo humrudisha baba salama kwa watoto wake.