Mashabiki wa Kasenga wangependa kusikia nini kutoka kwa wachezaji wakubwa

KASENGA. Mechi ya Mazembe ikiisha kule Lubumbashi, huku Kasenga bado haijaisha. Kwenye vibanda vya kuchajia simu, karibu na mahali mitumbwi ya Luapula inaposhusha samaki, vijana na wazee wanabaki wameinamia redio moja wakingoja mchezaji apewe mikro. Anapewa. Anasema mechi ilikuwa ngumu. Anamshukuru Mungu, anamshukuru kocha, anawaomba mashabiki waendelee kuwa nyuma ya timu, anasema wanaenda kujiandaa kwa mechi inayokuja. Dakika moja na nusu, basi. Muziki unarudi, na watu wanatawanyika bila kujua kwa nini namba tisa alitolewa mapema, ama kama goti la yule beki limepona.

Maneno hayo hayana ubaya. Ila mchezaji yeyote anaweza kuyasema, wa Mazembe ama wa Lupopo, aliyeshinda ama aliyefungwa. Shabiki wa Kasenga amenunua betri za redio kwa pesa ambayo ingenunua chisense ya kupikia watoto. Anastahili zaidi ya hapo.

Na Kasenga ina haki ya kudai. Moïse Katumbi, anayeongoza Mazembe tangu 1997, alizaliwa Kashobwe, humu humu katika teritwari ya Kasenga, mwaka 1964. (Kuhusu siasa zake kila mtu ana mawazo yake, na hazina kazi katika habari hii.) Desemba 2010, Mazembe iliifunga Pachuca ya Mexico 1-0, kisha ikaifunga Internacional ya Brazil 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Hata watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule wanajua kuruka-ruka kwa matako kama golikipa Robert Kidiaba. Wanaruka hivyo kwenye mchanga wa mto, wanaruka hivyo kambini.

Wanachokijua ni kule kuruka tu. Fainali yenyewe, Inter Milan ilishinda 3-0 huko Abu Dhabi, na kufikia dakika ya 17 tayari mabao yalikuwa mawili, la Pandev na la Eto'o. Golikipa anafikiri nini saa ile, na zimebaki dakika zaidi ya 70? Anawaambia nini mabeki wake? Usiku anakula, ama bukari inabaki kwenye sahani? Hayo ndiyo mambo ambayo mtu angekaa karibu na redio hadi betri ziishe ili ayasikie.

Kuna na swali ambalo watangazaji wengi wanaliogopa. Mwaka ule ule wa 2010, Trésor Mputu hakuwepo Abu Dhabi. FIFA ilikuwa imemfungia miezi 12 kwa kumshambulia mwamuzi katika kombe la vilabu la CECAFA. Mchezaji bora wa timu akakosa mechi kubwa kuliko zote. Lakini alirudi, na Januari 2013 akaifungia Congo bao dhidi ya Ghana kwenye Kombe la Afrika. Mtu anayemuuliza habari hiyo si lazima awe na nia ya kumwaibisha. Hapa kuna vijana walioona nyumba za baba zao zikichomwa, na kuna watu wenye silaha wanaojua kuitumia hasira ya kijana wa namna hiyo. Kijana kama huyo angependa kumwuliza: "Yaya, siku ile hasira ilikushika namna gani? Na uliwezaje kurudi?" Jibu la Mputu lingesikilizwa kuliko hotuba ya kiongozi yeyote.

Lugha nayo ni shida. Wachezaji wengi wakipewa mikro wanasema Kifaransa ama Lingala. Haiwezekani kuwalaumu sana: katika Léopards, Cédric Bakambu, Yoane Wissa na Arthur Masuaku walizaliwa Ufaransa. Lakini mama aliyetoka Mitwaba na mzigo kichwani anasikia Kiswahili na Kiluba, na majirani zake wa Kasenga wanasikia Kiswahili na Kibemba. Mbwana Samatta alipotoka Simba ya Dar es Salaam kuja Mazembe mwaka 2011, jambo moja lilikuwa wazi. Kiswahili cha Dar na kile cha Kamalondo havifanani kila neno, lakini mwenye kuuza samaki sokoni aliweza kumfuata mwanzo hadi mwisho bila mtu wa kumtafsiria. Samatta aliibeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika na Mazembe mwaka 2015, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Mchezaji wa Lubumbashi anayejua Kiswahili toka tumboni mwa mama yake, halafu anajibu kwa Kifaransa cha kukariri, anawakata njiani watu waliompandisha.

Ajabu ni kwamba siku wachezaji wa Congo waliposema jambo zito kuliko yote, hawakufungua mdomo. Ilikuwa tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa ulipopigwa, walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kwenye panja kama bunduki. Wakati huo vita vilikuwa vinapigwa karibu na Sake, na watu walikuwa wanakimbilia Goma. Bakambu alikuwa ameandika kwamba kila mtu anayaona mauaji ya Mashariki lakini kila mtu ananyamaza, na akaomba nguvu ile ile ya kutangaza mashindano itumike pia kutangaza yanayotokea kwao. Congo ilifungwa 1-0, bao la Haller. Mashabiki wengi wa Kasenga wamelisahau bao. Vidole viwili hawajavisahau.

Familia zilizohama zina neno lao juu ya siku ile, na inafaa lisikike. Wanaona fahari, ndiyo. Lakini wengi wao hawakukimbia vita vya Kivu. Wametoka upande wa Mitwaba na Pweto, katika eneo ambalo pamoja na Manono liliitwa pembetatu ya kifo, wakati Mai-Mai walipokuwa wakichoma vijiji. Kamera za dunia hazikufika sana huko, na hata siku hizi wakitaja Mashariki mwa Congo, Katanga haimo. Mtu wa Mitwaba akimwona mchezaji ameziba mdomo, anafurahi, halafu anajiuliza kama mchezaji yule anajua Mitwaba iko wapi. Angependa jina hilo litajwe mara moja tu, na mtu ambaye inchi nzima inamsikiliza.

Wapo wanaosema mchezaji acheze mpira, siasa awaachie wanasiasa. Hoja hiyo ina uzito kiasi. Mchezaji ana mkataba, ana klabu inayoweza kumwadhibu, na pengine ana familia mahali ambapo neno moja linaleta matatizo. Hakuna anayemtaka ataje jenerali fulani ama chama fulani. Lakini kutaja kijiji, ama kumwambia mtoto wa kambini kwamba anajulikana yuko pale, si siasa.

Jambo ambalo wachezaji wanapaswa kulisema zaidi kuliko yote, na ambalo ukimya wao unaligharimu, ni njia waliyopita. Kijana yeyote mwenye mguu mzuri katika miji yetu, siku moja atakutana na mtu mwenye miwani mieusi na simu mbili anayejiita wakala. Anasema kuna nafasi ya majaribio Zambia, Afrika Kusini, hata Ulaya. Kinachotakiwa ni pesa ya karatasi tu. Familia iliyohama haina pesa, basi inauza mbuzi wa mwisho, ama baiskeli, ama inakopa. Wakala anavuka mto na simu yake inazimika.

Mchezaji mkubwa angeweza kuwafungua macho kwa dakika tano. Angesema kwamba FIFA hairuhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache, kama wazazi kuhama kwa sababu zisizo za mpira. Hali nyingine ni mtoto anayeishi kilomita zisizozidi 50 toka mpaka wa nchi, akienda kwenye klabu ambayo nayo iko kilomita zisizozidi 50 upande wa pili. Kasenga iko mpakani, kwa hiyo matapeli wanaweza kuitumia sheria hiyo wakiipindua, na ndiyo maana inafaa wazazi waijue ilivyo. Angesema pia kwamba tangu 2023 wakala anatakiwa awe amefanya mtihani wa FIFA na ana leseni, na mzazi ana haki ya kumwuliza leseni iko wapi kabla hajauza hata kuku.

Na angetaja timu yake ya kwanza. Watu wanadhani hilo ni la heshima tu, kumbe kuna pesa ndani yake. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla ya mkataba kwisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kati ya timu zilizomlea toka miaka 12 hadi 23. Timu ndogo ya mtaa ambayo haijaandikishwa, haina daftari la majina wala tarehe, inakosa. Mchezaji akisema redioni, "Nilianzia kwa kocha fulani, timu fulani, mwaka fulani," makocha wa hapa wangejua kwa nini daftari lina maana.

Wasichana nao wanangoja zamu yao. Novemba 2024, timu ya wanawake ya Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika huko Morocco, ikiifunga AS FAR 1-0 mbele ya watu wake. Kule kambini kuna wasichana wanaocheza pekupeku baada ya kuchota maji, na mama zao wanawaita waache mchezo wa wanaume. Mmoja wa mabingwa wale akisema redioni namna alivyomshawishi mama yake mwenyewe, maneno yake yangeingia nyumba nyingi jioni ile.

Watangazaji nao hawana mikono misafi. Ukimwuliza mchezaji "Unajisikiaje baada ya ushindi?" atakujibu kwamba anajisikia vizuri. Swali la uvivu linapata jibu la uvivu. Redio za hapa hazina pesa ya kumtuma mtu Kamalondo kila wiki, hiyo ni kweli, lakini sauti ya dakika mbili kwa WhatsApp haihitaji gari. Mchezaji anaweza kuituma akiwa amekaa kitandani hotelini. Akisema Kifaransa, redio itatafsiri. Maswali yapo tayari, na mashabiki wenyewe wanayapeleka redioni kwenye vipande vya karatasi ya daftari la shule. Lile linalorudi mara nyingi zaidi, hasa toka kwa watoto wa kambini, ni fupi: "Yaya, viatu vyako vya kwanza alikununulia nani?"