Staji ya wageni katika hospitali zetu isiwe njia ya upande mmoja

Ibanda, Bukavu – Kabla ya Februari 2025, kabla uwanja wa ndege wa Kavumu haujafungwa, tulizoea kuwaona. Vijana wanaosomea udaktari Ulaya na Marekani wanavuka daraja la Ruzizi na mizigo mgongoni, wanalala hapa Ibanda, kesho yake wako njiani kuelekea hospitali za vijijini. Wiki nne, wiki sita, wanarudi kwao na cheti. Leo hawaji kama zamani. Njia ikifunguka watarudi, na mimi nasema karibu. Ila wasipokelewe kama zamani.

Mgonjwa wa kijijini hajawahi kuulizwa. Mama ametembea usiku kucha na uchungu wa uzazi, anasema Mashi tu, mara anamwona kijana Mzungu amevaa koti jeupe. Kwake huyo ni mganga, tena mganga mkubwa. Nani anamwambia kwamba ni mwanafunzi bado, na kwamba kwao hawezi kumshika mgonjwa bila mwalimu kusimama kando yake? Katika hospitali moja ambayo sitaitaja nilimkuta mgeni wa namna hiyo anazalisha, na muuguzi wetu mwenye miaka mingi kazini amegeuzwa mkalimani: Mashi kwa Kifaransa, Kifaransa kwa Mashi, na huku chumba cha watoto kinamngoja. Halafu simu ikatolewa, picha ikapigwa. Picha ya mama yule iko wapi leo? Sisi wa Bukavu tunajua uzito wa swali hilo. Hospitali ya Panzi, iliyo katika Ibanda yetu hii, inapokea wanawake waliobakwa tangu ilipoanzishwa 1999, na sura ya mgonjwa ikitoka nje inaweza kumfuata mpaka kijijini kwake.

Wapo watakaonijibu kwamba wageni wanaleta glavu, dawa, na makuta kidogo ya kusaidia hospitali. Ni kweli, na hospitali isiyo na glavu haina nguvu ya kuchagua. Lakini katoni ya glavu hainunui ruhusa ya kujifunzia kwenye mwili wa maskini. Wala hii si chuki kwa Wazungu. Jumuiya ya vyuo vya udaktari ya Marekani yenyewe ilitoa mwongozo mwaka 2011: mwanafunzi asifanye ng'ambo kazi inayozidi mafunzo yake. Neno hilo wameliandika wao. Kwa nini lisibandikwe kwenye mlango wa chumba chetu cha kuzalishia?

Lakini kinachoniuma zaidi ni kingine. Watoto wetu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki, wa UEA na wa UOB nao wanafanya staji. Wanakesha na wagonjwa bila mshahara, na nauli ya pikipiki wanaomba nyumbani. Wanajua Mashi, Kilega, Kihavu. Ni wangapi kati yao wamepata wiki sita Leuven au Boston? Viza kwanza inakutaka ufike Kinshasa, na kwa vile Kavumu imefungwa, utazunguka kwa nchi za watu ili ufike mji mkuu wa nchi yako mwenyewe. Ukifika, onyesha makuta ya benki, kisha thibitisha kwamba utarudi. Mgeni akija kwetu hakuna anayemuuliza kama atarudi.

Tukumbuke Lemera, kule milimani Uvira. Daktari Denis Mukwege alianza kazi huko katika miaka ya 1980, akaona wanawake wanavyokufa wakizaa, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi Lemera. Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa, naye baadaye akaanza upya Panzi. Hata wasiopatana naye kwa siasa wanajua mji huu ulipata nini kutokana na safari ile ya Angers. Nafasi za namna hiyo ndizo tunazodai.

Kwa hiyo divisheni ya afya ya jimbo na wakuu wa hospitali waandike masharti. Asiyeruhusiwa kwao asiruhusiwe kwetu. Mgonjwa aambiwe kwa lugha yake kwamba huyu ni mwanafunzi, na akikataa, aheshimiwe. Simu zibaki nje. Na kwa kila mwanafunzi anayekuja, chuo chake kimpokee mmoja wetu, kikilipa safari na viza. Watasema ni ghali. Je, mama wa Walungu aliyewafundisha kazi kwa mwili wake, alilipwa ngapi? Chuo kitakachojibu kwamba hakina nafasi kwa mtoto wetu, kijibiwe kwamba nasi hatuna nafasi kwa wake.

Na yaandikwe sasa hivi, wakati wageni ni wachache na hakuna katoni mezani.