Jokofu la Boti Huanzia Kwenye Kuta

Katika mialo ya Ziwa Viktoria mkoani Geita, kama ule wa Nkome, sangara asiyetiwa barafu huharibika upesi, na jasho la mvuvi hupotea bure. Si ajabu basi mwenye boti akitamani kuligeuza sanduku lake la barafu kuwa jokofu la umeme wa jua. Nia hiyo ni njema. Lakini, kwa maoni yetu, yafaa kuta zitangulie, mashine ifuate.

Jokofu kazi yake ni kuondoa joto. Joto lote lipenyalo kutani hapana budi litolewe na mashine, usiku na mchana. Twaweza kulipima: tia barafu inayoanza kuyeyuka, funga kifuniko, kisha baada ya saa 24 pima maji yaliyopatikana. Kilo 10 za maji zaonyesha kuwa joto la wati 39 hivi lilikuwa likiingia bila kukoma.

Povu la poliyurethani lenye unene wa sentimeta 5 huzuia joto sawa na ubao wa sentimeta 25 hivi. Pumba za mpunga, zipatikanazo katika vinu vya Shinyanga, nazo hufaa zikiwa kavu. Zikilowa hazina msaada, kwani maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Hivyo zifungwe ndani ya plastiki isiyovuja.

Kufunga mashine kubwa katika sanduku bovu ni kununua betri za kulipoza ziwa. Mvuvi na apime, azibe, apime tena, ndipo anunue.