Kabla ya Kufuga Chaza, Tusafishe Hori

Tangu mkutano wa kimataifa kuhusu uchumi wa bahari ulipofanyika Nairobi mnamo Novemba 2018, wakazi wa Pwani wamehimizwa mara kwa mara waigeukie bahari kwa ufugaji. Kwa vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wasio na kazi, ushauri huo ni mwema. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo wahimizaji hulipitia juu juu.

Mfugaji wa ng'ombe humkatia mnyama wake majani. Mfugaji wa chaza au kome hampi mfugo wake hata punje. Chaza huchuja maji ya bahari na kula vijimea visivyoonekana kwa macho. Anayemlisha hasa ni hori yenyewe, pamoja na kila mtu amwagaye kitu ndani yake.

Je, hori zetu zina nini? Maji taka ya Mikindani huteremka hadi kwenye mikoko ya hori ya Tudor. Mtambo wa Kipevu, kule Changamwe, huhudumia sehemu tu ya bara ya magharibi. Wazee wangali wanakumbuka mafuta ghafi yaliyovuja mwaka 1988 na kuua mikoko ya Makupa na Port Reitz.

Mabadiliko ya hali ya hewa yanazidisha hatari hiyo. Mvua kubwa, mfano wa ile ya El Nino ya 1997 na 1998, hupunguza chumvi ya maji horini. Hapo chaza hufumba makombe yake, na akifumba hali. Joto likizidi, mwili wake huhitaji chakula zaidi, naye hukonda. Siku afumbuapo, mlo wake wa kwanza ni uchafu uliosombwa na mvua ile ile.

Wapo watakaosema kwamba chaza huweza kusafishwa. Ni kweli. Huko Ulaya huwekwa katika matangi ya maji safi kwa muda wa siku mbili hivi kabla ya kuuzwa. Njia hiyo hupunguza bakteria, lakini virusi havitoki kwa wepesi, na risasi na madini mengine mazito hubaki mwilini.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ipo papa hapa Mkomani. Yafaa serikali ya kaunti ishirikiane nayo kupima maji ya kila hori, na matokeo yatangazwe hadharani. Mauzo yasimamishwe kila baada ya mvua kubwa hadi maji yatakapothibitishwa kuwa salama. Muhimu zaidi, mabomba ya maji taka yatangulie vyelezo vya kufugia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlaji mmoja akiugua, soko lote litafungwa, na atakayepata hasara ni kijana yule yule tuliyemshawishi kuingia majini.