Mama akiruka Unguja kwa siku tatu, kuna ubaya gani?

Juma hili tuelekee pwani ya kusini, Ukunda, ambako swali dogo limezua mdahalo mkubwa katika nyumba moja. Mama wa watoto watatu, mkubwa wa miaka 11 na kitindamimba wa miaka 3, anafanya kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya Diani. Nduguye anayeishi Unguja amemwalika akapumzike kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na tikiti ya ndege keshamlipia. Aende peke yake. Mumewe hana neno. Aliyekuja juu ni mavyaa wake, yaani mama mzaa mume: mama gani huyo apandaye ndege kwenda nchi ya watu kustarehe, na wana kawaacha? Mama wa watu sasa hajui ashike lipi, naye anatuuliza: je, niende au nikae?

Dada, nakujibu mapema ili usihangaike kusoma hadi mwisho: nenda. Lakini yapo mambo ya kutengeneza kwanza, na lipo moja la kumwomba radhi huyo mavyaa wako. Nitalifikia.

Wewe msomaji uliye Nairobi au Mombasa, kabla hujamhukumu mama huyu, hebu tazama jirani zako. Ni wangapi katika mtaa wako waliokwenda Saudia, Qatar au Oman kufanya kazi za nyumbani? Mkataba wa kazi hizo kwa kawaida ni wa miaka miwili. Mama anaondoka mtoto akiwa hajaota meno yote, anarudi mtoto yuko shuleni na anamwita bibi yake mama. Siku ya kuondoka majirani humsindikiza hadi uwanja wa ndege, dua zinasomwa, na hakuna mwenye kuuliza watoto watakula nini. Kwa nini? Kwa sababu amekwenda kuchuma. Miaka miwili ya jasho tunaibariki, na siku tatu za kukaa kivulini tunaziita uasherati! Tuseme kweli, umbali hautuumizi kitu. Tunachokereka nacho ni kule kupumzika kwake.

Na kwa mtu wa Diani ajabu hii ina ladha yake ya pekee. Mwanamke huyu mwaka mzima hutandika vitanda vya wageni kutoka Ujerumani, Italia na Uingereza, na miongoni mwa wageni hao wamo akina mama waliowaacha watoto na bibi zao huko kwao. Sijasikia mtu wa Ukunda akiwasema. Fedha zao ndizo zinazolipa karo. Yeye mwenyewe likizo yake humwangukia masika, Aprili na Mei, wakati watalii wamepungua, mvua inanyesha na hoteli nyingine huwapumzisha watumishi bila mshahara. Muda anao, senti hana. Ndiyo maana tikiti iliyolipwa na ndugu ni bahati ya kuangaliwa mara mbili.

Kuhusu akina baba nitasema kidogo tu, maana jambo lenyewe liko wazi. Baba akienda Tanga siku tatu kwa harusi ya rafiki, hakuna kikao cha ukoo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema mama na baba wana jukumu sawa la kumlea mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Basi mama akitoka, baba hajaachiwa watoto wa watu. Ni wake.

Wapo watakaosema mila hairuhusu. Mila ipi? Wadigo wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba akawa na sauti kubwa juu ya mtoto, na hata urithi ukatoka kwa mjomba kwenda kwa wana wa dada yake, kabla Uislamu na sheria za serikali hazijayageuza hayo. Mtoto wa Kidigo alikuwa na nyumba nyingi za kulala. Mama aliyekwenda kwa nduguye Vanga au ng'ambo ya mpaka hakuwa amemtupa mtu. Ama lile suala la mwanamke wa Kiislamu kusafiri bila maharimu, hilo si la safu hii. Mke na mume wakae na shehe wao, walimalize kabla tikiti haijakatwa.

Sasa narudi kwa bibi. Nimelifikiria sana jambo hili na naona huenda tunamwelewa vibaya mzee wa watu. Nani atakayebaki na watoto Ijumaa mchana, baba akiwa kazini? Nani atakayeamka usiku mdogo akililia mama? Ni yeye. Nyumba nyingi za Ukunda na Msambweni zinaendeshwa na bibi wakati mama yuko zamu ya hoteli, na bibi hana zamu, hana likizo, hana hata siku moja ya wiki aliyoandikiwa kuwa ni yake. Je, dada, ulimwomba au ulimwarifu? Kuna tofauti kubwa hapo. Ikiwa alisikia habari ya safari pamoja na majirani, basi hasira yake ina haki, na hilo ndilo la kumtaka radhi. Mwulize pia yeye angependa kupumzika lini, na wapi. Pengine ana dada yake Lunga Lunga ambaye hajamwona tangu mwaka juzi. Nauli ya matatu si kubwa.

Bibi akikubali, usimwachie watoto tu. Mwachie na uwezo. Kwale ni nchi ya malaria, na homa ya mtoto haina adabu, huja usiku. Bibi awe na fedha mkononi au kwenye simu, namba ya mwenye bodaboda anayejulikana, kadi ya kliniki, nakala ya cheti cha kuzaliwa na namba ya bima ya SHA, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, na mtoto akihitaji kupasuliwa, madaktari watataka idhini ya mzazi au mlezi. Kwa hiyo baba asichague siku hizo hizo kwenda safari zake. Simu yake iwe na chaji. Barua fupi yenye sahihi zenu wawili, inayosema bibi ndiye mwangalizi kwa siku hizo, haigharimu kitu na humwondolea mzee wasiwasi.

Tuje kwenye hesabu ya safari, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Ndege kutoka Mombasa hadi Unguja haimalizi saa nzima angani, lakini siku yako itaisha hivyo hivyo. Mtu wa Ukunda atatoka nyumbani alfajiri, apite Likoni kwa feri au aizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, afike uwanja wa Moi mapema kwa ukaguzi, angoje, aruke, apange foleni nyingine katika uwanja wa Abeid Amani Karume. Akifika kwa nduguye ni mchana wa Ijumaa. Jumapili ni kufunga mzigo. Zile siku tatu zimekuwa Jumamosi moja! Ukiweza kuongezewa Jumatatu, omba. Usipoweza, nenda hivyo hivyo, ila usijipangie kuzuru kila shamba la karafuu. Lala.

Hati nazo huwakwamisha watu. Kitambulisho cha taifa kinamfikisha Mkenya Uganda na Rwanda, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Kwa ndege kata pasipoti mapema. Anayepita Lunga Lunga kwa gari anaweza kuomba hati ya muda. Kisha kuna ile kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, kwa hiyo ukichanjwa Jumanne ukaruka Ijumaa umejisumbua. Jambo jema ni kwamba ukichanjwa mara moja kadi hiyo hutumika maisha yako yote.

Na wale mnaoalikwa na jamaa wa Ulaya kwa siku nne? Hapo nasita. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukikataliwa, na majibu kwa kawaida huchukua siku 15. Ukiongeza saa za angani, utarudi umechoka kuliko ulivyokwenda. Siku nne ni za Unguja, Pemba au Tanga. Ulaya ingoje likizo ndefu.

Swali la umri wa watoto nalo ni zito. Mwenye mtoto anyonyaye asiyetimiza miezi sita, ambaye chakula chake ni maziwa ya mama tu, nashauri aahirishe. Huyu wa miaka 3 wa dada yetu anaweza kukaa na bibi aliyemzoea, alimradi asidanganywe. Tuna desturi mbaya ya kumtoroka mtoto: anapelekwa dukani kununuliwa peremende, akirudi mama hayupo. Eti asilie. Hulia vilevile, na wiki nzima baadaye hakubandui, hata chooni anakufuata. Mwambie mchana kweupe kwamba unakwenda na utarudi. Mtoto huyo hajui Jumapili ni nini, kwa hiyo mhesabie kwa usingizi: atalala mara mbili. Mkubwa wa miaka 11 mpe kazi anayoiweza, ya kumshikia bibi simu saa moja jioni, na wewe uipige saa moja hiyo hiyo, si saa tatu.

Ndege ya kurudi isiwe ya Jumapili jioni hata kama ndiyo rahisi. Chukua ya asubuhi. Ikichelewa saa nne, bado utafika Ukunda watoto hawajalala, na sare za Jumatatu utazipiga pasi mwenyewe.