AFYA YETU: Tumbo Lililofura si Lazima Uchawi

Wasomaji wetu wa kandokando ya Ziwa, kutoka Dunga hata Homa Bay, huenda mmewahi kumwona mtu ambaye tumbo lake limefura maji, macho yamegeuka manjano, na miguu imevimba. Majirani hunong'ona kuwa amerogwa. Lakini aghalabu kilichoumia ni ini, na yafaa tujue sababu zake.

Pombe yote, iwe busaa, chang'aa au bia ya chupa, huvunjwa katika ini. Mtu akinywa kupita kiasi siku baada ya siku, kwanza ini hujaa mafuta; kisha huvimba; mwishowe hushika makovu na kuwa gumu. Hapo damu itokayo matumboni hukosa njia, mishipa ya umio hutanuka, nayo ikipasuka mgonjwa hutapika damu. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa yenye leseni, lakini leseni haililindi ini.

Kwetu sisi yako maadui wengine. Kichocho cha matumbo, kipatikanacho katika maji ya Ziwa, huleta makovu hayo katika ini hata kwa mvuvi asiyeonja pombe maishani. Kadhalika homa ya ini ya aina ya B. Kwa hiyo si haki kumwita kila mgonjwa mlevi, wala si busara kumpeleka kwa mpiga ramli. Apimwe damu, choo na tumbo. Kichocho kina dawa yake, prazikwanteli. Homa ya ini ya B ina chanjo. Na ini lililojaa mafuta tu huweza kurudia hali yake mnywaji aachapo pombe. Makovu yakiisha kukomaa, ni vigumu kuyaondoa.

Twawashauri mambo matatu. Kwanza, anywaye sana kila siku asiache ghafula peke yake, maana aweza kushikwa na kifafa. Amwone daktari amsaidie kuacha. Pili, asimeze ovyo dawa za kutuliza maumivu. Parasetamo nyingi hudhuru ini, na aspirini huchubua tumbo. Tatu, atapikaye damu, au mwenye choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali saa ile ile. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wengi huiita Russia, hupokea wagonjwa wa namna hiyo.

Mficha maradhi, kilio humfichua.