Sweta ya Mtoto Anayepanda Bururi



Joto la hapa Rumonge, kando ya ziwa, hutusahaulisha baridi ya Bururi, mpaka mtoto aende kusoma bweni huko. Kwenye mitumba, usichague sweta kwa rangi. Soma lebo: kashmiri ni manyoya laini ya mbuzi, sufu ni ya kondoo, akriliki ni ya kiwandani. Ivute kidogo, nzuri hurudi. Iinue kwenye mwanga uone matundu ya nondo, hasa viwikoni.

Nawe muuzaji, tundu ukilijua, lionyeshe. Mtume (s.a.w.) alimkemea aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu. Faida ya tundu lililofichwa huilipa mtoto, usiku, kwa kutetemeka.

Allah atuwafikishe. Amin.